Udongo wa Kijiji

Wenzangu wa kisomo, leo msinisubiri barazani. Nimeaibika mbele ya kijiji, na nitawaeleza yote, lakini siwezi kuanza na mimi kabla sijaanza na mjomba.

Mjomba wangu Selemani alikuwa mtu wa mavazi. Wakati ule wa vita ya wazungu nguo hakuna, watu tunavaa kaniki mpaka inageuka wavu, lakini kanzu ya mjomba nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka ukiigusa unaogopa kukatwa. Siku moja kuna harusi huko Msowero. (Bibi harusi alikuwa na kithembe, lakini kwa kupika hakuwa na mpinzani. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu.) Mjomba akaombwa atoe neno. Akasimama. Kanzu ikashikwa na msumari wa kiti. Mjomba akaenda, kanzu ikabaki. Ikapasuka kutoka chini mpaka mabegani, na ndani, ndugu zangu, alikuwa amevaa kaptula ya gunia la sukari. Gunia lina maandishi. Na harusi nzima alikuwepo mtu mmoja tu anayejua kusoma, mpishi wa misheni, naye adabu hakuwa nayo. Akasoma kwa sauti: "Sukari. Weka mahali pakavu."

Mjomba hakukimbia. Aligeuka polepole, akasema, "Nakuja," akapita katikati ya watu, akatokomea kwenye mahindi. Hajarudi. Sahani yake ya pilau ilikaa pale mpaka nzi wakaichoka. Baadaye tukasikia yuko Kidodi anapakia miwa, ameoa, ana afya. Msowero hakukanyaga tena hata kwa msiba.

Kisa hicho nimekicheka maisha yangu yote. Leo nimeelewa kwamba mjomba alikuwa na akili kuliko sisi tuliobaki kula. Lile neno "nakuja" ni mlango wa nyuma. Kila mtu anao, ila hajui mpaka siku nyumba inapoungua.

Basi harusi ile ndiyo iliyonipeleka mimi kwenye sabuni. Msishangae. Mama aliona haya kukaa Msowero na watu wanamwita "Dada wa Sukari", akanichukua tukahamia Kilosa mjini, nikapata kazi kwenye duka moja karibu na stesheni. Kazi yangu ilikuwa kukata miche ya sabuni. Mtasema kazi ndogo. Haya, chukueni kisu mkate mche ambao bado mbichi. Kisu kinaburura. Kinaingia safi, kinatoka na mkia, kipande kinaota ndevu, mteja ananuna anasema umempunja. Lakini waya! Waya mwembamba, umefungwa vijiti viwili, kila mkono na chake. Unaukaza mpaka ukiugusa unalia. Unauweka juu ya mche, unaushusha kwa pumzi moja, bila kukereza, bila kusitasita. (Ukisita, pale uliposita pataonekana siku zote. Ni kama kujibu swali la mkeo.) Halafu unachovya kiganja majini, unaupapasa mche kutoka kichwani mpaka mguuni, polepole, mpaka ung'ae kama paji la uso la bwana harusi. Mwenye duka alikuwa akisema mche usiong'aa haununuliwi.

Kiganja hicho mkikumbuke. Kitarudi, na kitarudi vibaya.

Waya ule ninao mpaka leo. Mmeuona ukining'inia kwenye duka letu la ushirika, na hata sabuni inapoadimika, waya haushuki. Ndio ulionipa jina la Mzee Waya, jina nililolipenda kuliko lile alilonipa baba. Leo limekufa. Limekufa mchana kweupe, na mmoja kati yenu amelizika, tutamfikia.

Sasa habari ya kuhama. Nyote mnaijua, lakini mwalimu amesema mtu aandike kana kwamba msomaji amefika jana kwa treni, basi naandika. Ndugu Katibu wetu alitaka tuondoke hapa mwinukoni tushuke bondeni, kwenye tambarare ya mto, maana huko nyumba zitanyooka. Katibu ni kijana mwema, shikamoo yake haikosi, ila anapenda mstari kuliko chakula. Hata kuku wake nadhani anatamani watembee kwa foleni. Wazee tukamwambia kule mto huingia. Baba zetu walilima kule, hawakulala kule. Akatusikiliza kwa adabu, akasema masimulizi ameyapokea, lakini yeye hajaona maji pale, na wakubwa wake hawapokei masimulizi. Akasema anataka kuona kwa macho yake. Hapo ndipo alipoletwa mtaalamu wa udongo kutoka Dar es Salaam.

Mtaalamu anaitwa Ndugu Lameki. Mwembamba, mpole, suruali yake imepanuka chini kama kengele mbili. Alipojitambulisha alisema elimu hii ya tope ameipata Ulaya. Mtani wangu Yohana, huyu wa milimani ambaye hukaa kila siku pale barazani kama kinu, akafurahi sana, akamwuliza amewaachaje watu wa Kibaoni, na daraja je, limeshatengenezwa? Lameki akabaki kinywa wazi. Ikabidi aelezwe kwamba sisi tuna Ulaya yetu, hapo tu njia ya Mikumi, unakwenda kwa baiskeli unarudi ugali haujapoa. Akacheka mpaka akavua miwani. Nikampenda toka hapo.

Akatufundisha hivi. Tope la bondeni limelala kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Wa juu ni wa juzi, wa chini ni wa babu wa babu zetu. Mto ukitulia, linatua tope laini jeusi. Mto ukiingia kwa fujo, unaacha mchanga. Kwa hiyo ukichota tope bila kulivuruga ukalipasua katikati, kila mafuriko yatajionyesha kama mstari wa chaki. Mambo yote yakawa hapo. Mistari ikionekana, tunabaki. Isipoonekana, tunakunja mikeka yetu ya kweli tunashuka kwenda kungoja maji.

Jana alishindilia mabomba mawili ya chuma bondeni, akayavuta na tope ndani yake, akayaleta kwenye baraza la duka. Leo asubuhi akalisukuma tope la bomba la kwanza kwa mti wenye kitambaa mwishoni. Likatoka taratibu kwenye bati lililokunjwa kama mfereji, refu, jeusi, laini, mfano wa chatu aliyeshiba. Kukata sasa. Waya wake wa kukatia ulikuwa umekatika njiani, akachukua kisu. Niliangalia pembeni. Mnajua mtu akimwona mwenzake anakata sabuni kwa kisu anavyojisikia. Kisu kikaburura, mchanga ukaburutwa na tope, tope na mchanga, mwisho ikawa kama uji wa ulezi uliokorogwa na mlevi. Hakuna mstari. Limebaki bomba moja.

Nikasimama, nikaenda ndani, nikatoka na waya wangu.

"Ndugu mtaalamu," nikamwambia, "tope ni sabuni isiyo na povu. Niachie."

Akautazama waya, akanitazama mimi, akalisukuma tope la bomba la pili kwenye bati, akasogea. Ndugu zangu, nilikata. Nilikaza waya ukalia, nikaanzia kichwani nikaushusha kwa urefu wote mpaka mguuni, pumzi moja, na tope likafunguka kama kitabu. Tukaona. Jeusi, jeusi, halafu mstari mweupe. Jeusi tena. Mstari. Hudhurungi kidogo, mstari mnene kama kamba ya kiatu. Yohana, ambaye hata msibani hanyamazi, alinyamaza. Lameki akasema yeye amekata tope nchi tatu na hajaona uso safi kama ule. (Nalirudia hilo neno kwa sababu leo jioni hakuna mwingine atakayelirudia.)

Kisha akanionya. "Babu, hapa kufuta ni kwa upande tu, kushoto kwenda kulia. Kwa urefu usifute kabisa. Vya juu visishuke chini."

Nikasema nimeelewa, nikaufuta waya wangu kwa upande, vizuri kabisa. Nilidhani anasema juu ya waya.

Pande moja la tope hilo lililopasuliwa tukalikata vipande vya unene wa kidole, tukavipanga juu ya jani la mgomba kwa utaratibu wake, cha juu upande wa mlango wa duka, cha chini upande wa kona. Vikauke kidogo, kisha viende kupimwa maabara. Tukavifunika kwa ungo, kuku wasidonoe. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, wakauliza hivyo ni nini. Lameki akasema ni sampuli. Wakauliza sampuli ni nini. Akavuta pumzi, nikaona anajiandaa kutoa hotuba, na jua linapanda. Nikamsaidia. Mimi nimekaa dukani, sampuli nazijua, mfanyabiashara huja na kidogo cha mali yake uonje kabla hujanunua.

"Sampuli ni kionjo," nikawatangazia.

Lameki akafikiri, akasema ndiyo, mtu anaweza kusema hivyo. Basi neno likatua.

Pande la pili aliniagiza nilifunge kwa kaniki mbichi nilitie ndani ya duka, ndilo litakalokwenda zima. Akaenda kunawa. Nikabaki na lile pande limelala mbele yangu kwenye bati. Nikaliangalia. Limekatwa vizuri, lakini halijang'aa. Sasa mnataka niseme nini? Mkono una desturi zake. Nikachovya kiganja majini nikalipapasa kutoka kichwani mpaka mguuni, nikarudia, likang'aa likawa kama kioo. Nikalifunga kwa kaniki moyo wangu mweupe. Nilijiambia huko maabara watauliza nani aliyelikata hili.

Lameki akapanda Landrova kwenda Mikumi kumfuata Katibu aliyekuwa mkutanoni. Kabla hajaondoka alinishika bega. "Babu, nakuachia bonde zima." Akaenda.

Leo, kama mnavyojua, ni siku ya kliniki ya wajawazito pale zahanati. Mimi sikukumbuka. Nilikaa barazani nimegeukia barabara, ungo uko nyuma yangu, na Yohana amekaa mkabala nami anauangalia. Yohana akaanza uchokozi wake. Akasema kule milimani watoto hukata tope kwa uzi wa kushonea na hawamtangazii mtu. Sasa mtani akisema hivyo unamwacha? Nikaanza kumweleza waya ni nini, na huwezi kueleza waya bila kueleza sabuni, na sabuni haielezeki bila harusi ya Msowero. Nilikuwa nimefika kwenye msumari wa kiti niliposikia sauti nyuma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Sikugeuka. (Mtu hawezi kugeuka wakati kanzu inapasuka.)

"Babu, chini ya ungo huu kuna nini?"

"Udongo, mama."

"Wa nani?"

"Wa kijiji."

Nilisema kweli. Si wa kijiji? Umetoka bonde la kijiji, umekatwa kwa waya ulio kwenye duka la kijiji, na tangu tuambiwe ardhi ni yetu sote sijawahi kujibu vingine. Wakanong'onezana huko nyuma, sauti nyingine ikasema mbona asubuhi imetangazwa ni kionjo. Wakaniuliza kama ni kweli ni kionjo. Nikasema naam, kionjo, na nikaendelea na kaptula ya gunia.

Sasa, wanaume wenzangu, jambo hili wake zenu wanalijua, ninyi mnajifanya hamlijui. Mwanamke mwenye mimba akisikia harufu ya udongo mbichi, mate yanamjaa. Kuna wanawake wanaoteremka na udongo wa kula kutoka milimani, umekatwa vipande vya unene wa kidole, umepangwa juu ya jani. Hivyo hivyo. Tofauti na wetu ilikuwa moja tu: wetu ulikatwa vizuri zaidi.

Nilisikia kutafunwa. Nikadhani mbuzi yuko kwenye mahindi. Na wale wanawake ni watu wa adabu, hawakuparamia. Walipanga foleni, wakachukua kuanzia upande wa mlango, kila mmoja chake, mwenye hamu kubwa viwili vitatu, na walipomaliza wakafunika ungo kama walivyoukuta.

Yohana aliona yote. Uso kwa uso na mimi, anaitikia kila nikisema, macho yanakwenda kwenye ungo yanarudi. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu yeye ni mtani wangu, na kazi ya mtani si kuokoa.

Landrova ilichelewa, tembo walikuwa wamesimama njiani huko Mikumi. Ilipofika, baraza lilikuwa limejaa. Ndugu Katibu akashuka, akaniamkia, akasema, haya mzee wangu, nimekuja kuona. Sikumwacha aone hivi hivi. Nilisimama nikatoa neno. Nikasema bonde limekaa kimya tangu enzi za mababu, leo limepasuliwa linataka kusema. Nikasema maneno ya wazee yalikataliwa kwa kukosa mistari, basi mistari ndiyo hii. Nikauinua ungo juu kabisa, kama mtu anayefunua pilau.

Jani.

Jani la mgomba, kijani kibichi, limefutwa vizuri. Na kwenye kona kipande kimoja, kimeng'atwa, alama za meno zimepangika.

Nilishika ule ungo hewani sijui kwa muda gani.  Lameki alikuwa anatafuta bonde lake kwa macho, chini ya benchi, juu ya dari.

"Mbuzi," nikasema.

Katibu akaniangalia kwa huruma. "Mbuzi, halafu akafunika ungo?"

Lakini nilikuwa bado na akiba. Nikakumbuka lile pande la pili! Nikakimbia ndani, uzee wangu huu, nikatoka na bati kichwani, nikaliweka mbele ya Katibu, nikaifungua kaniki kwa fahari. Liling'aa, ndugu zangu. Ulikuwa mche mzuri kuliko wote niliopata kukata. Hakuna mstari hata wa dawa. Jeusi moja kwa moja, kichwani mpaka mguuni.

"Babu," Lameki akasema polepole sana, "umelipapasa?"

"Nimeling'arisha."

Alivua miwani akaifuta. Aliifuta kwa upande.

Katibu akainama, akaangalia. Alikuwa anauona uso wake mle kwenye tope. Akasimama, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, kwamba ametafuta mstari kwa nia njema na hakuona, kwa hiyo tukajiandae, tutashuka bondeni.  Nilisikia mama mmoja akimwambia mtoto wake asilie. Nikafikiria maji yanaingia usiku kwenye nyumba zilizonyooka, na chanzo ni kiganja changu.

Hapo akatokea Mama Zaina. Ndiye mke wa Katibu, mimba yake imetangulia mbele kama ngoma. Alitoka upande wa zahanati, na mumewe alikuwa ameinama tena kwenye bati, hakumwona. Akaja moja kwa moja kwangu, mkono kiunoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," nikajibu.

"Babu, ule udongo wako una mchanga."

Nikasema udongo gani. Akasema huu tuliokuuliza hapa ukasema wa kijiji. Akasema kama kijiji kinatoa kionjo basi kichague udongo wa maana. "Unatafuna laini, laini, unasema alhamdulillahi, mara kra! Mchanga. Nikasema bahati yangu mbaya, nikala cha pili. Laini. Cha tatu, kra! Nimebakiza jino moja la kuaminika, babu."

Katibu akainuka kutoka kwenye bati.

"Mama Zaina."

Mama Zaina akameza. Mtakumbuka ni juzi tu Katibu alituhutubia hapa hapa juu ya ubaya wa kula udongo, akasema nyumbani kwake jambo hilo halipo.

"Nilionja tu," Mama Zaina akasema. "Si ni kionjo?"

Watu wakaanza kucheka chini chini, lakini Lameki hakucheka. Macho yalikuwa yanamwaka. Akamwuliza kwa heshima zote alianza kula kutoka upande gani wa jani. Akasema wa mlangoni, alikuwa wa kwanza. Lameki akasema upande wa mlangoni ndio juu. Akauliza ni nani aliyemfuata. Mke wa fundi baiskeli akanyoosha mkono huku ameficha uso kwa kanga. Chako kilikuwaje? Laini. Aliyefuata? Mchanga, kaka, tena mwingi, nilitema. Aliyefuata?

Akawapanga. Naapa mbele yenu, aliwapanga wale wanawake barazani, mmoja baada ya mwingine kama walivyochukua, matumbo yote yanatazama barabara, na akapita mbele yao akiuliza, nao wakijibu, laini, laini, mchanga, laini, mchanga mnene. Mstari umenyooka kutoka mlangoni mpaka kwenye kona. Ndugu Katibu, aliyetaka mstari, akapewa mstari.

Kisha Lameki, ambaye sasa alijua mistari ikae wapi na hakuogopa tena kuikwangua ikapotea, akachukua waya wangu, akalikwangua lile pande linalong'aa, kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, utando mwembamba tu. Chini yake mistari ilikuwepo. Ilikuwa imejificha kama watu wasiotaka kuhesabiwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasema huyu ni Mama Zaina. Penye tope jeusi, huyu mke wa fundi. Mstari mnene, yule dada wa mwisho kabisa, kwenye kona. Vikalingana, tope na wanawake.

Katibu akaangalia bati, akaangalia foleni, akamwangalia mkewe kwa muda mrefu. Akauliza kila mchanga ni mafuriko? Lameki akasema kila mchanga. Katibu akavua kofia.

"Basi wazee walisema kweli," akasema. "Nitawapelekea jibu wakubwa kwamba bondeni hapafai. Tubaki juu."

Vigelegele, ndugu zangu! Foleni nzima. Na mimi, kwa ujinga wa kuzaliwa, nikafikiri yangu yameshasahauliwa. Nikajinyoosha. Nikakohoa kidogo. Nikasogea karibu na Katibu, maana mtu akipewa heshima asiwe mbali nayo. Hata neno la kushukuru nilikuwa nimeshalianza moyoni.

Katibu akageukia baraza. "Ila nataka kujua," akasema, "ni nani aliyewaambia wake zetu kwamba tope la serikali ni kionjo?"

 Foleni nzima, kuanzia Mama Zaina mlangoni mpaka yule wa kwenye kona, ilinyoosha vidole kwa pamoja. Vidole vyenye udongo. Na Yohana, ambaye huwa hasimami hata kwa mvua, alisimama.

"Mzee Kionjo," akasema.

Mliokuwepo mlisikia kicheko kile. Mliokuwa mashambani nadhani mlikisikia pia. Katibu alicheka akishika Landrova. Lameki aliweka bati chini ili asilimwage. Na watoto wakalipokea jina hapo hapo, wakalichezea kama mpira, Kionjo, Kionjo, na jina la watoto, mnajua, halina dawa.

Ningevumilia. Ningekaa, ningecheka nao, yangepita. Lakini Mama Zaina akanisogelea, sauti ya chini, ya heshima, kama mtu anayenong'ona dukani sukari ikiwa imefika.

"Babu, kesho utakata tena? Ila utukatie ile laini tupu."

Na nyuma yake, naapa, foleni haikuvunjika.

Nikaning'iniza ungo ukutani. Nikaupangusa mkono wangu kwenye msuli, kwa upande. Darasa letu hukutana baraza hilo hilo, na benchi langu ni lile lile lililo karibu na mlango, kwa hiyo mke wangu ndiye atakayewaletea karatasi hii, naye ameagizwa asisimame hapo hata kidogo. Waya mpeni Yohana autunze, na akiulizwa na wenye mimba ajibu yeye. Kichekeni mkishamaliza kusoma, siyo katikati, nukta zangu zitawapotea. Na mtu akiniulizia mwambieni mlivyoniona: nilitazama mahindi, nikatazama watu, nikasema, "Nakuja."